Tiba saidizi na tiba mbadala mwishoni mwa maisha: maana na mipaka yake

Maneno haya mawili yamezoeleka kutajwa pamoja hadi yakaonekana ni kitu kimoja. Tiba saidizi hutumika sambamba na matibabu ya hospitali: mgonjwa anaendelea na morfini yake (dawa kali ya maumivu), na jioni anakandwa mikono. Tiba mbadala huchukua nafasi ya matibabu hayo: morfini inawekwa kando, anapewa maji ya mizizi badala yake. Mmea uleule unaweza kuwa saidizi leo na mbadala kesho. Swali la kujiuliza ni moja: je, kuna dawa iliyoachwa kwa ajili yake?

Mgonjwa anapofikia hatua ambayo ugonjwa hauponi tena, kipimo cha tiba hubadilika. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake. Kuna hofu, kuna mambo ya familia yasiyomalizika, kuna maswali ya roho. Hapo ndipo tiba saidizi ina kazi ya kweli. Hatuulizi kama uvimbe umepungua. Tunaangalia kama kichefuchefu kimetulia, kama amepata usingizi, kama uso umelegea.

Kukanda mwili ni mfano mzuri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulihusisha wagonjwa 380 wa saratani iliyosambaa. Baadhi walikandwa, wengine waliwekewa mikono tu mwilini bila kukandwa. Waliokandwa walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu papo hapo, lakini baada ya wiki chache makundi yote mawili yalikuwa yamepata unafuu bila tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo asiyejua kukanda asijizuie: kumgusa kwa utulivu nako kuna thamani yake.

Mikono ndiyo mahali salama pa kuanzia. Nawa, pasha viganja joto, uweke mkono wa mgonjwa juu ya mto. Nusu kijiko cha chai cha mafuta yasiyo na harufu kinatosha. Telezesha kutoka vidoleni kuelekea kifundo cha mkono, kwa uzito unaotumia kumpaka mtoto mafuta, dakika 5 kila mkono. Mtazame usoni: akikunja uso au akivuta mkono, acha. Usiguse penye sindano ya dripu, uvimbe, kidonda, ngozi iliyopigwa mionzi au mfupa ulioingiwa na saratani. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma usikandwe kabisa, kwani huenda kuna damu iliyoganda ndani.

Mafuta ya kunukia yachanganywe kwa uchache: tone 1 katika mililita 5 za mafuta ya kawaida, na yasinywewe. Anayetumia oksijeni asipakwe mafuta yoyote usoni, maana panapokuwa na oksijeni nyingi mafuta hushika moto upesi. Tiba ya kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa (akyupancha) husaidia baadhi ya wagonjwa wenye kichefuchefu, ila isifanywe kabla daktari hajathibitisha kwamba damu yao inaganda vizuri.

Hatari kubwa iko kwenye vitu vya kunywa. Ini na figo zimechoka, kwa hiyo dozi ambayo mtu mzima wa afya angeimudu hujikusanya mwilini. Mmea wa Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, huharakisha ini kuvunja oksikodoni na methadoni, dawa kali za maumivu kama morfini. Maumivu hurudi na hakuna anayejua kwa nini. Balungi hufanya kinyume: huweza kupandisha oksikodoni mwilini. Vidonge vya kitunguu saumu pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza uwezekano wa kutoka damu. Mitishamba ya usingizi juu ya morfini huongeza usingizi mzito na huweza kupunguza upumuaji. Na kwa mwenye plasta ya fentanili (dawa kali ya maumivu inayopenya kwenye ngozi), chupa ya maji ya moto ikiwekwa juu ya plasta huingiza dawa nyingi mno kwa mkupuo.

Siku za mwisho kumeza hushindikana, na kijiko cha dawa ya majani kinaweza kuingia mapafuni. Hapo lowesha midomo kwa sponji au kitambaa chenye maji, basi.

Kinachotuumiza zaidi ni morfini kukatishwa ghafla ili "dawa ya asili ifanye kazi". Morfini ya maji hudumu takriban saa 4. Baada ya hapo maumivu hurudi, na kwa aliyeizoea huja jasho, kuhara, kutetemeka na kuhangaika kitandani. Familia huambiwa ni sumu inayotoka. Si sumu, ni mwili uliokatiwa dawa, na mgonjwa anateseka bila sababu.

Wengi huficha mitishamba wakiogopa kukaripiwa. Muuguzi aulize kwa upole: "Kuna kitu kingine anachotumia, cha kunywa au cha kupaka?" Familia nayo iwe na daftari kando ya kitanda: jina la kitu, kiasi, saa, na hali ya mgonjwa saa moja baadaye. Kisichojulikana kimetengenezwa kutokana na nini kiandikwe hivyo hivyo, na chupa yake isitupwe.