Maana ya Fomati Kubwa Katika Upigaji Picha wa Filamu

Fomati kubwa ni upigaji picha unaotumia filamu iliyokatwa vipande bapa, kila kipande kikibeba picha moja tu, na ukubwa wa kipande ukianzia inchi 4 kwa 5, yaani takriban sentimita 10 kwa 12.5. Kinachoipa jina ni eneo la filamu, wala si uzito wa kamera. Waliowahi kupeleka mkanda studio kusafishwa wanaukumbuka ule wa milimita 35, ambao fremu yake ina milimita 24 kwa 36. Kipande cha inchi 8 kwa 10 kinaizidi fremu hiyo kwa eneo mara 60 hivi. Negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa ambayo picha huchapishwa kutokana nayo, ikiwa kubwa kiasi hicho, picha ya kujaza ukuta huchapishwa bila kuikuza mno, na ndiyo sababu mpito kutoka mwangani hadi kivulini hubaki laini.

Kamera yenyewe ina lenzi mbele, kioo cha ukungu nyuma, na mvukuto usiopitisha mwanga katikati. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, akaitazama taswira kiooni ikiwa imepinduka juu chini na kushoto kulia, akairekebisha hadi ikolee, yaani ionekane wazi bila ukungu. Kisha huifunga lenzi, huingiza kasha lenye kipande kimoja cha filamu kila upande, na kuchomoa kibati kinachozuia mwanga. Tangu hapo haoni tena kitu kupitia lenzi, kwa hiyo uamuzi wote lazima uwe umekwisha kufanyika. Lenzi pia huweza kuinamishwa peke yake, kwa kanuni inayoitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug wa Austria, ili jiwe lililo karibu na mlima wa mbali vikolee kwa pamoja. Bila mwinamo huo itabidi tundu la lenzi lizibwe sana, muda wa kupiga urefuke, na upepo mdogo tu utayavuruga majani.

Mfano ulio wazi zaidi kwangu ni picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliyoipiga Mmarekani Ansel Adams mwaka 1941 kwa filamu ya inchi 8 kwa 10. Jua lilikuwa linazama naye hakuiona mita yake ya mwanga, akakadiria kwa kutumia mwangaza wa mwezi aliokuwa akiujua kwa tarakimu, akapiga kwa sekunde 1 tundu likiwa f/32, yaani dogo sana. Alipoligeuza kasha apige kipande cha pili, jua lilikuwa limekwisha kuiacha misalaba ya makaburini. Ikabaki negativu moja, naye akaisafisha kwa kuihamisha mara kadhaa kati ya dawa na maji, ili sehemu zenye giza zipate nguvu na mwezi usiungue. Hilo ndilo nililolipenda daima katika fomati hii: kwenye mkanda, picha 36 husafishwa kwa namna moja, lakini kipande kilicho peke yake hupewa matunzo yake.

Kwa watu mambo hubadilika. Lenzi za kamera hizi ni ndefu, hivyo sehemu inayokolea ni nyembamba, na mtu akisogea mbele kidogo tu macho yake hufifia. Mmarekani Richard Avedon, aliyepiga picha za watu wa Magharibi ya Marekani kati ya 1979 na 1984 kwa kazi aliyopewa na Jumba la Makumbusho la Amon Carter la Texas, alitumia kamera ya Deardorff ya inchi 8 kwa 10. Wasaidizi walishughulikia kasha na ukolevu, naye akasimama kando ya lenzi, uso kwa uso na anayepigwa. Aliwasimamisha watu kivulini mbele ya karatasi nyeupe, kwa hiyo milima wala barabara havionekani kabisa. Wapo waliomlaumu kwa kuiondoa ardhi. Naona lawama hiyo haikuitazama filamu vya kutosha, kwa maana katika vipande vile ardhi imo: ni vumbi la makaa kwenye vinyweleo vya mchimbaji, ni mafuta yaliyogandamana kwenye nguo za mfanyakazi wa visima, navyo vinaonekana chembe kwa chembe.