Mwenye jicho moja anaona umbali

Pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nimeshalisikia mara nyingi mno: kijana mwenye jicho moja akiomba kazi kwenye boti, wanasema "huyo haoni umbali". Si kweli, na kauli hiyo inamnyima mtu riziki.

Kuona umbali ni kazi ya ubongo. Picha inayotua nyuma ya jicho ni bapa. Ubongo ndio unaokadiria kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, kwa kukusanya dalili nyingi. Nyingi kati ya hizo hazihitaji macho mawili.

Inayowachanganya watu ni ile inayoyahitaji. Macho yetu yameachana kama sentimita 6, hivyo kila moja hupata picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha badilisha: kidole kinaruka. Kisogeze karibu na pua, kinaruka zaidi. Tofauti hiyo ndiyo ubongo unaisoma. Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha jambo hili mwaka 1838 kwa kifaa cha vioo: michoro miwili bapa, kila jicho na wake, ikaonekana kitu kimoja chenye kina.

Ila kadiri kitu kinavyokuwa mbali, picha hizo mbili hulingana, na msaada wake huisha. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, hata wewe mwenye macho mawili unaikadiria kwa dalili za jicho moja. Mvua ikisafisha hewa, inaonekana imesogea. Kiangazi moshi na vumbi vikitanda, inarudi nyuma au inapotea kabisa. Mtumbwi unaoukinga mwingine uko mbele yake. Boti unayoujua ukubwa wake, ikionekana ndogo, iko mbali. Ukiwa safarini, miti ya kando inapita mbio, vilima vinajikokota. Na usiku, giza likifuta dalili hizo, taa kali ya mvuvi wa dagaa hudhaniwa iko karibu; hapo macho mawili hayakuokoi.

Anachopungukiwa kijana yule ni usahihi wa karibu: kutunga uzi kwenye sindano, kumimina chai, kudaka kamba, hasa miezi ya mwanzo baada ya kupoteza jicho. Tena upande mmoja haoni mpaka ageuze kichwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, semeni hana uoni wa macho mawili, na mkitaka kumrushia kamba, mwiteni kwanza, mrushieni kutoka upande wa jicho zima.