Kwa nini bisibisi huchupa na kula kichwa cha skrubu?

Skrubu imeshazama nusu ubaoni. Bisibisi inachupa, unairudisha, inachupa tena, na msalaba uliokuwa kichwani umekuwa shimo la mviringo. Sasa skrubu haiingii wala haitoki. Wengi hulaumu mkono au ugumu wa mbao, lakini mara nyingi kosa lilitangulia, pale ncha ya bisibisi ilipochaguliwa kwa kukadiria.

Linalotuponza ni neno "nyota". Tunaliita nyota karibu kila tundu lisilo la bapa, ilhali ndani ya jina hilo kuna aina tatu ambazo hazifai kuchanganywa.

Ya kwanza ni Phillips, yenye alama ya PH, ambayo Mmarekani Henry Phillips aliipatia hataza miaka ya 1930. Kuta za msalaba wake zimeinama, zinabana kadiri zinavyoshuka. Kwa hiyo unapozungusha, sehemu ya nguvu yako hugeuka kuwa msukumo unaoitoa ncha nje. Ukitaka kukaza zaidi, lazima uegemee zaidi.

Ya pili ni Pozidriv, PZ, na hii ndiyo inayowapoteza watu. Ni msalaba pia, lakini tazama kichwa cha skrubu kwa makini: kati ya mikono ya msalaba kuna vijistari vinne vyembamba. Kuta zake zimesimama karibu wima, ndiyo maana hushika vizuri zaidi. Ncha yake nayo ina vijimbavu vinne vya ziada. Ukitia ncha ya PH kwenye skrubu ya PZ, itaingia lakini itacheza. Ukitia ya PZ kwenye skrubu ya PH, vile vijimbavu vitaizuia isifike chini. Vyovyote vile, chuma kitalika. Namba nayo ina maana: PZ2 hutosha skrubu nyingi za mbao, zile nene huhitaji PZ3, na ndogo PZ1.

Ya tatu ni nyota halisi yenye pembe sita, Torx, iliyobuniwa mwaka 1967. Nguvu inagawanyika kwenye pembe sita na kuta ni wima, kwa hiyo ncha haisukumwi nje. Kwa skrubu ndefu na mashine ya kukazia skrubu inayotumia betri, mimi ningechagua hii bila kusita. Mara nyingi skrubu yenye unene wa milimita 4 hutumia ncha ya T20 na ya milimita 5 hutumia T25, ila usifanye makusudi kutumia namba ndogo kwa kuwa "imeingia". Tahadhari moja: kwa sababu haichupi, ukikaza kupita kiasi skrubu yenyewe inaweza kukatika. Weka klachi ya mashine, yaani pete inayodhibiti nguvu ya kukaza, kwenye namba ya chini kwanza.

Iko pia ya mraba, Robertson, iliyotoka Kanada mwanzoni mwa karne ya 20. Uzuri wake ni kwamba skrubu hung'ang'ania kwenye ncha hata ukiinamisha mkono, raha kubwa unapofanya kazi mahali pa kubana.

Na ya bapa? Ni ya mkono, si ya mashine. Bado inapendeza kwenye bawaba za shaba na samani za zamani, mradi ncha ijaze mfuo wote kwa upana na kwa unene. Shaba ni laini: toboa tundu kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya ukubwa uleule, itoe, ndipo uingize ya shaba.

Kabla ya kuanza, chomeka ncha kwenye skrubu ukiwa umeishika mkononi na uitikise. Ikicheza, jaribu nyingine. Ikiwa ni saizi sahihi na bado inacheza, angalia kingo za ncha: zikiwa zimeviringika, itupe, kwa maana itakula kila skrubu utakayoigusisha.