Siku ya Mvua Okinawa: Kufuata Maji Kutoka Pangoni hadi Mezani

Wasafiri wengi hupanga safari ya Okinawa kwa ajili ya bahari, na anga linapofunga asubuhi hubaki hotelini wakiilaumu ratiba. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza namna maji yanavyopita ndani ya mawe ya matumbawe, huwashauri watoke. Kisiwa kikuu cha mkoa huu wa kusini mwa Japani, kilichoko karibu na nyuzi 26 kaskazini mwa ikweta, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya vile mgeni anavyokwenda kuvitazama huko, yakiwemo mapango, chemchemi, njia za mawe, vigae vyekundu vya mapaa na hata baadhi ya vyakula, imetokana na mvua hiyo kukutana na chokaa na udongo. Siku ya mvua unaiona kazi hiyo ikiendelea mbele ya macho yako.

Msimu wa mvua, ambao Wajapani huuita tsuyu, kwa wastani huanza Okinawa karibu na tarehe 10 Mei na kumalizika karibu na tarehe 21 Juni, wiki kadhaa kabla ya mji wa Tokyo kuanza kuzipata mvua zake. Chanzo chake ni mpaka kati ya hewa ya ubaridi inayotoka kaskazini na hewa ya joto yenye unyevu mwingi inayopanda kutoka kusini. Mpaka huo hutulia juu ya visiwa kwa siku nyingi, na mvua hunyesha kwa vipindi, ikikatika na kurejea. Jambo hili lisichanganywe na tufani, ambazo hupita zaidi kati ya Julai na Oktoba. Tufani ikitangazwa, mabasi na treni husimama, na mahali pa mgeni ni ndani.

Ili kuielewa siku yenyewe, ni lazima kwanza kuielewa ardhi. Nusu ya kusini ya kisiwa imefunikwa na tabaka la chokaa iliyojengwa na matumbawe ya kale, mawe yenye matundu ambayo mtu wa Unguja, Lamu au Mombasa atayatambua mara moja kwa sababu ndiyo yanayofanana na yale yaliyojengea kuta za miji yetu. Chini ya chokaa hiyo kuna tabaka nene la udongo mgumu wa kijivu, ambao wenyeji huuita kucha. Chokaa hupitisha maji kwa urahisi, kucha huyazuia. Kwa hiyo mvua ikinyesha kusini, maji hayakawii juu ya ardhi. Huzama, hushuka hadi kwenye kucha, kisha hutambaa kwa upande hadi yapate mahali pa kutokea kwenye kingo za vilima. Mito mikubwa haipo. Ndiyo maana kisiwa chenye mvua nyingi namna hii kimewahi kuteseka kwa kiu: kati ya Julai 1981 na Juni 1982 ugavi wa maji uliwekewa mipaka kwa siku 326, na matangi unayoyaona hadi leo juu ya mapaa ya nyumba za zamani yaliwekwa kwa sababu ya hofu ya miaka ile. Siku hizi sehemu kubwa ya maji ya Naha, mji mkuu wa mkoa, hutoka kwenye mabwawa ya kaskazini, katika misitu ya Yanbaru, ambako mawe ni ya aina nyingine na udongo ni mwekundu.

Asubuhi, basi, nenda Gyokusendo, pango lililoko Nanjo, kusini-mashariki mwa Naha. Wachunguzi kutoka Chuo Kikuu cha Ehime walilipima mwaka 1967, na lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1972. Urefu wake ni takriban kilomita 5, ingawa njia iliyo wazi kwa umma ni mita 890, na joto ndani yake hukaa karibu na nyuzi 21 mwaka mzima. Kinachotokea humo ni rahisi kukieleza. Maji ya mvua yanapopita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, huchukua hewa ya ukaa na kugeuka kuwa asidi dhaifu inayoyeyusha chokaa. Yakifika kwenye dari ya pango, hewa hiyo huyatoka, na chokaa yaliyoibeba hubaki ikiganda, tone baada ya tone, hadi ikawa stalaktiti, yaani nguzo zinazoning'inia kutoka juu. Udongo wa nchi zenye joto hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya nguzo za Gyokusendo kukua upesi zikilinganishwa na za nchi baridi. Siku kavu unaona nguzo. Siku ya mvua unaona matone yakifuatana, unasikia mto wa chini ya ardhi ukivuma chini ya daraja la chuma unalolikanyaga, na unafahamu kwamba pango bado linajengwa. Ikiwa mvua ya usiku ilikuwa kubwa mno, uliza kwanza kama njia yote iko wazi.

Ng'ambo tu ya hapo pana bonde la Gangala, ambalo ni pango kubwa la zamani lililoporomoka dari na kuota msitu. Mlangoni mwake kuna pango la Sakitari, lenye paa zuri la kujikinga mvua, na hapo ndipo wanaakiolojia walipofukua ndoana za samaki zilizochongwa kwa gamba la konokono wa baharini, za takriban miaka 23,000 iliyopita, ambazo zilipochapishwa mwaka 2016 zilitajwa kuwa za kale kuliko zote zilizojulikana duniani. Mabaki ya chakula yanaonyesha kwamba watu wale walikuwa wakirudi pangoni hasa wakati wa vuli, msimu ambao kaa wa mtoni hushuka kuelekea baharini wakiwa wamenona. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kulitazama eneo hili kwa makini ya pekee, kwa kuwa chokaa yetu pia imetunza habari za namna hii: katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, yalipatikana maziko ya mtoto ya takriban miaka 78,000 iliyopita, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 2021. Udongo wa mapango ya chokaa hauna asidi kali, na ndiyo maana mifupa na magamba hudumu humo kwa muda ambao pengine hayangedumu kwenye udongo mwekundu.

Siwezi kuandika juu ya mapango ya kusini mwa Okinawa nikaacha mwaka 1945. Vita vya Okinawa, vilivyoanza rasmi kisiwani Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, viliua zaidi ya watu 200,000, karibu nusu yao raia, na mapango ndiyo yaliyokuwa makimbilio ya familia, hospitali na askari kwa pamoja. Mvua za msimu huu huu ziligeuza njia zote kuwa matope wakati jeshi la Japani lilipoondoka Shuri, kilima cha kasri la wafalme wa zamani hapo Naha, kuelekea kusini mwishoni mwa Mei, likipita katikati ya raia waliokuwa wakikimbia upande huo huo. Pango la Abuchiragama, lenye urefu wa takriban mita 270 na ambalo lilitumika kama tawi la hospitali ya jeshi, liko hapo hapo Nanjo. Huingiwa kwa kupanga mapema, kwa kofia ngumu na tochi, na ndani yake hakuna taa. Mtu akiwa na nafasi moja tu ya kuchagua, ningependa achague hilo kabla ya Gyokusendo.

Mchana rudi Naha kwa chakula. Soko la Makishi lilifunguliwa tena Machi 2023 katika jengo jipya, baada ya jengo la zamani kufungwa mwaka 2019, na vichochoro vinavyolizunguka vimefunikwa paa, kwa hiyo unaweza kukunja mwavuli na kutembea saa nzima bila kulowa. Utaratibu wake unafaa kujulikana: unachagua samaki kwa wauzaji wa ghorofa ya chini, kisha kwa ada ndogo migahawa ya ghorofa ya juu inakupikia. Mezani pa barafu wamelala pono wa buluu, ambaye wenyeji humwita irabucha, pamoja na chewa wa aina kadhaa na gurukun, samaki mdogo wa jamii ya mbono ambaye ndiye nembo ya mkoa. Namtetea pono kwa sababu za kikazi pia. Meno yake hukwangua mwani juu ya matumbawe, humeza chokaa pamoja na mwani huo, na chokaa hiyo hutoka ikiwa mchanga mweupe. Fukwe ambazo msafiri wetu amezikosa kwa sababu ya mvua zimetengenezwa kwa kiasi fulani na samaki huyu. Nyama yake ni laini na nyeupe, na hupendeza zaidi ikikaangwa kwa siagi na kitunguu saumu. Gurukun yeye apikwe mzima katika mafuta mengi hadi mapezi yaweze kutafunwa.

Kando ya samaki agiza zabibu za bahari, mwani wa kijani wenye vijipovu vinavyopasuka mdomoni. Huliwa mbichi, wala usiuweke kwenye jokofu kwa kuwa baridi huusinyaza. Agiza pia mozuku, mwani mwembamba wa rangi ya kahawia, ambao zaidi ya asilimia 90 ya ule unaovunwa Japani hutoka Okinawa, na ambao ukichovywa katika unga na kukaangwa huwa mzuri sana. Kuna pia tofu ya karanga, inayotengenezwa kwa maziwa ya karanga na wanga wa viazi vitamu, ambayo hushangaza kwa uzito wake ulimini.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, neno hili ni la lazima. Nguruwe ndiye mhimili wa upishi wa Okinawa, kuanzia masikio hadi kwato, na hujificha mahali usipomtarajia. Soba ya Okinawa, ambayo licha ya jina lake ni tambi za ngano tupu, kwa kawaida hupikwa kwa mchuzi wa mifupa ya nguruwe uliochanganywa na jodari mdogo aliyekaushwa kwa moshi. Goya champuru, yaani karela iliyokaangwa na tofu na mayai, mara nyingi hutiwa vipande vya nguruwe au nyama ya kopo, desturi iliyoenea wakati wa utawala wa Marekani uliofuata vita na kudumu hadi 1972. Kombu, mwani mnene unaotoka Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani, na uliofika huku kwa njia ya biashara ya zamani kati ya Japani, China na Ryukyu, ufalme uliotawala visiwa hivi zamani, nao hupikwa na nguruwe. Kumchagua samaki mwenyewe sokoni na kusimamia namna anavyopikwa ndiyo njia iliyo salama kuliko zote, ingawa inafaa kuuliza pia juu ya mafuta na pombe ya kupikia.

Kutoka sokoni, dakika chache kwa miguu, ni Tsuboya, mtaa wa wafinyanzi ambao serikali ya ufalme iliukusanya pamoja mwaka 1682. Humo ndimo mtu anapoona matumizi ya udongo wa kisiwa. Na akiinua macho ataona kucha ile ile inayozuia maji, safari hii ikiwa imechomwa na kuwa vigae vyekundu, vilivyoshikizwa kwa chokaa nyeupe iliyopondwa na kuvundikwa na mabua ya mpunga. Njiani nunua sata andagi, maandazi mazito ya mviringo yanayokaangwa polepole hadi yanapasuka juu, yaliyo karibu zaidi na half-keki za Kenya kuliko mahamri, na uombe yale yaliyotiwa sukari guru ya huko, ambayo huzalishwa katika visiwa vidogo 8 vya mkoa.

Mvua ikipungua alasiri, panda treni ya reli moja hadi Shuri. Jengo kuu la kasri liliungua usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 2019 na ujenzi wake mpya ulianza mwaka 2022. Lakini mimi huenda hasa kwa ajili ya Ryuhi, chemchemi iliyo chini ya lango la kasri, ambayo maji yake hutoka katika kinywa cha joka la jiwe lililoletwa kutoka China mwaka 1523. Kilima kizima cha Shuri ni chokaa iliyolalia kucha, na bila chemchemi hizo wafalme wasingeweza kukaa juu yake. Kisha shuka kwa njia ya mawe ya Kinjo, masalia ya takriban mita 300 ya barabara iliyojengwa mwaka 1522 katika enzi ya mfalme Sho Shin. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwa maana chokaa iliyolainishwa na nyayo za karne tano huteleza mno ikilowa, na usikimbilie chini; katikati ya njia kuna kisima cha zamani cha mtaa, na maji yakiwa yanatiririka pembezoni mwa mawe utaona jinsi waashi walivyoyaelekeza.

Kwa chakula cha jioni tafuta uji wa wali wenye kandaba, yaani matembele. Viazi vitamu viliingizwa kisiwani mwaka 1605 na Noguni Sokan, aliyevichukua Fujian, na kwa kuwa tufani haiwezi kung'oa kilicho chini ya udongo, vililisha watu kwa vizazi vingi. Wali wa kila siku ulikuja baadaye. Mgahawa mzuri utakuletea pia dodoki changa lililopikwa kwa miso, yaani rojo la soya lililochachushwa; dodoki ni mboga ambayo kwetu huachwa ikauke ili iwe kisugulio, na ambayo naamini tunakosea kutoila.

Ukibaki siku moja au mbili zaidi, tenga asubuhi kwa chemchemi ya Kakinohana, Nanjo, iliyoorodheshwa mwaka 1985 miongoni mwa maji 100 bora ya Japani. Usiende siku ile ile ya mvua. Maji yanahitaji muda kupenya chokaa, na mtiririko huongezeka baada ya anga kufunguka, wakati ambapo njia ya mawe inayoshuka kwenda huko nayo imeanza kukauka.