Sabuni ya nyumba yenye mtoto

Miaka yangu ya mwanzo katika biashara hii niliuza sabuni ya maji kwenye chupa za maji ya kunywa. Nilizinunua kwa vijana waokotaji, nikaziosha, nikajaza sabuni yenye rangi ya machungwa na harufu ya machungwa, maana ndivyo wateja walivyopenda. Siku moja mteja wa Makorora, mtaa wa hapa Tanga, akaja na mtoto mgongoni na chupa yangu mkononi. Mtoto alikuwa amekunywa mafunda mawili. Alitapika mapovu, na kwa bahati jioni alikuwa anacheza. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Dada, huyu ana miaka miwili, angejuaje kwamba hii si juisi?"

Nimesoma kemia, na hapa Tanga nafundisha vikundi vya akina mama kutengeneza sabuni. Swali lile ndilo lililobadilisha ninavyofundisha.

Wengi hunijia wakitaka sabuni "isiyo na kemikali, ya asili tu". Neno hilo asili limetuponza. Mafuta ya mkaratusi yanatoka kwenye mti, lakini mtoto mdogo akimeza kijiko kimoja cha chai anaweza kushikwa na degedege. Kafuri vivyo hivyo. Siku hizi simwulizi mtu kama kitu kimetoka shambani au kiwandani. Namwuliza: mtoto akikilamba, itakuwaje?

Nyumbani kwangu sabuni ni moja, ya mche, ya mafuta ya nazi. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 hivi za kostiki soda, kemikali kali ya kupikia sabuni, ili yote yageuke sabuni. Mimi natia 170, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki iishe yote. Pima kwa mizani, kikombe kinadanganya. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, mililita 350 hivi, kidogo kidogo huku unakoroga. Ukimwaga maji juu ya kostiki huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani. Tumia ndoo nene ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu, kwani sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huitafuna alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Maji hayo ya kostiki yakishakorogwa na mafuta, yakaganda na kukatwa miche, miche ikae wiki 4 mahali penye hewa. Akina mama hushangaa kwamba kitu kinachounguza ngozi kiliingia humo na sasa hakimo. Kimeungana na mafuta, vikawa sabuni na gliserini.

Sabuni ya nazi inatufaa zaidi sisi wa pwani, kwa sababu hutoa povu hata kwenye maji yenye chumvi. Ikwangue gramu 50 ndani ya lita moja ya maji moto, upate ya kuoshea vyombo na kudekia. Kazi iliyobaki ni ya mkono, kwa dodoki na brashi ya katani.

Lakini kama mnaishi chumba kimoja na mtoto anatambaa, usipike kostiki humo. Nunua mche usio na manukato, ukwangue. Hapo sina mjadala.

Siki na ndimu zina kazi yake: kuondoa ukoko mweupe kwenye birika na bomba. Usizitegemee kuua vijidudu, wala usizipeleke kwenye terazo, maana asidi hula marumaru iliyomo. Kuna wanaochanganya siki na magadi ya kuokea, povu likafurika wakadhani ni nguvu. Lile ni gesi ya kaboni dioksidi inatoroka, na kinachobaki ni maji ya chumvichumvi yasiyosafisha chochote cha maana.

Jiki siikatai. Yapo magonjwa ya kuhara, ipo damu, na hapo inahitajika. Ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji, hutoa asilimia 0.5 inayotumika penye damu na majimaji ya mwili. Ninachokataa ni ile desturi ya kumwagia jiki mkojo wa mtoto sakafuni ili harufu ikate. Mkojo uliolala una amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoka gesi ya kloramini, inayobana kifua. Jiki ukiichanganya na siki au ndimu, hutoka klorini yenyewe, gesi ya sumu. Mtoto yuko karibu na sakafu kuliko wewe, anaivuta kwanza. Osha kwa sabuni, suuza kwa maji mengi, fungua dirisha.

Vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kabatini na chooni, naomba vitoke. Pwani yetu, kama sehemu nyingine zenye malaria, ina watoto waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na naftalini huvunja chembe nyekundu za damu yao. Nguo zikunjie karafuu ndani ya kitambaa.

Sabuni yangu ya maji sasa haina rangi wala harufu ya tunda. Inakaa kwenye madumu meupe ya lita 5 yenye kifuniko kigumu, yameandikwa SABUNI pande zote mbili, juu ya kabati. Mwanzoni wateja kadhaa walinihama, wakasema haivutii. Niliwaacha waende.

Na mtoto akimeza kitu cha kusafishia, usimtapishe. Kostiki na jiki zikirudi juu huunguza koo mara ya pili, na mafuta ya taa huingia kwenye mapafu. Msukutue mdomo kwa maji, umkimbize hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu, na chupa uende nayo mkononi, kama alivyofanya yule mama wa Makorora.