Siku tano za kwanza: dhana zinazowaponza watu wanaoacha pombe Tabora

Kaka yangu aliacha pombe siku ya Jumapili, na Jumanne alfajiri nusura tumpoteze. Hakuna aliyemtakia mabaya. Sote nyumbani, kuanzia mama mpaka mimi, tulifanya yale tuliyoyasikia miaka yote hapa Tabora: tulimfungia chumbani, tukamwekea ndoo na jagi la maji, tukamwambia ajikaze. Nayaandika haya kwa ajili ya familia nyingine itakayofika kwenye Jumapili kama ile.

“Mwanaume anaacha siku moja. Mfungieni ndani, siku tatu zikipita amepona.”

Hii ndiyo iliyotuponza. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, iwe bia, wanzuki, komoni au gongo, mwili wake umeshajipanga kuishi na pombe. Pombe hupoozesha ubongo, na ubongo nao huongeza kasi ili mtu aweze kusimama na kuongea. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, kila mmoja upande wake. Pombe ikiondoka ghafla, yule wa upande wa pili hana habari, anaendelea kusukuma kwa nguvu zilezile. Ndipo mikono inatetemeka, jasho linamtoka mtu, moyo unakwenda mbio na usingizi unakataa.

Dalili hizi huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja. Lakini wapo wanaopata degedege, mara nyingi ndani ya saa 48 za kwanza, na wapo ambao kati ya siku ya pili na ya nne huchanganyikiwa kabisa: joto la mwili linapanda, wanaona wadudu ukutani, hawajui wako wapi. Hali hii ya mwisho isipotibiwa huua. Kwa hiyo zile siku tatu tunazosema mtu azimalize peke yake, mlango ukiwa na komeo, ndizo hasa za hatari.

Anayetetemeka asubuhi mpaka azimue, aliyewahi kupata degedege alipoacha, mjamzito, mzee, mwenye ugonjwa wa ini, moyo au kisukari: huyu aanzie kwa daktari kabla hajaacha. Na kama yuko ndani kabisa huko Sikonge au Kaliua na usafiri ni wa kesho, ni salama zaidi apunguze kidogo kidogo kuliko kukata ghafla, mpaka amfikie mhudumu wa afya. Najua ushauri huo unamchoma mama aliyengoja miaka kumi kusikia neno “nimeacha”. Mama yangu angeukataa pia.

“Hayo ni majini.”

Degedege ilipomshika kaka, jirani mmoja alisema moja kwa moja kwamba amerogwa, watu wameonea wivu pesa zake za tumbaku. Mama mdogo akaanza kuulizia mganga. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko nikijaribu kukiingiza mdomoni mwake, huku shemeji akimkandamiza miguu. Akaingia mama mmoja wa nyumba ya pili, muuguzi mstaafu, khanga begani, bila hata hodi. Aliuliza swali moja tu: “Mara ya mwisho amekunywa lini?” Nilipomjibu, akasema, “Mwanangu, weka hicho kijiko chini. Tafuteni bajaji.”

Alitufundisha palepale, na mafunzo yale ndiyo sahihi: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimkandamize, usimtie kitu chochote mdomoni. Kisha hospitali, hata kama ametulia.

Huko walimpa dawa ya kutuliza ubongo, diazepamu, wakawa wanaishusha kipimo siku hadi siku. Walimpa pia vitamini B1 kwa sindano, maana mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo, na upungufu wake huweza kuharibu kumbukumbu kwa kudumu. Tafadhali, diazepamu usijinunulie dukani. Ikichanganyika na pombe huweza kusimamisha pumzi.

Sisemi dua haina nafasi. Sheikhe wa msikiti wetu alikuja wodini siku ya tatu, akakaa, akasoma, na kaka akalala vizuri usiku ule. Ila sindano ilikuwa imetangulia.

“Ukisema umekunywa gongo, daktari atakuitia polisi.”

Kupika na kuuza gongo ni kosa, na hofu inaanzia hapo. Lakini mhudumu wa afya anabanwa na siri ya mgonjwa, naye anachotafuta ni kujua umekunywa nini, kiasi gani na lini, ili dawa isizidi wala kupungua. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Watakupa rufaa mpaka Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, kama inahitajika. Na kama aliyekunywa gongo anaona ukungu machoni, usingoje asubuhi. Huenda ilikuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua.

“Mpe asali na ndimu, sumu itoke.”

Asali yetu ni nzuri, na mtu asiyekula siku mbili inampa nguvu kidogo. Haizuii degedege. Hakuna kinachoharakisha ini kuondoa pombe mwilini: si maziwa, si supu ya pilipili, si maji baridi.

“Aibu ya familia haitoki nje.”

Hapa ningependa nikae kidogo, kwa sababu tulipozungumza na watu ndipo tulipopata msaada. Tulikuwa tumewaambia majirani kaka ana malaria. Matokeo yake rafiki zake wa kilabuni walikuja kumjulia hali, mmoja akiwa na kichupa mfukoni, “kidogo tu cha kuzimua.” Hakuwa mtu mbaya. Hakujua.

Aliporudi nyumbani tuliacha kuficha. Baba mdogo aliwafuata rafiki wale akawaambia kwa heshima: ndugu yenu ameacha, mwezi huu msije na kinywaji, njooni na maneno. Wawili hawakurudi. Mmoja alikuja na michembe, akakaa mpaka magharibi.

Tulipangiana zamu ya usiku, maana usingizi huweza kusumbua wiki kadhaa na saa nane usiku ndipo mawazo mabaya huja. Aliyekuwa zamu hakuhubiri. Taa iliachwa inawaka, uji ukiwa tayari, redio chini chini. Shemeji aligundua jambo ambalo sisi hatukuliona: saa 11 jioni, wakati aliokuwa akitoka kwenda kilabuni, kaka alianza kuzunguka uani kama anayetafuta kitu alichodondosha. Basi saa 11 ikawa saa ya kumpa kazi: kupeleka mtoto kwa bibi, kumwagilia mchicha, kushika nyundo. Masimango ya “umetutesa sana wewe” tuliyaweka kando. Yana haki yake, na shemeji alikuja kuyasema yote baadaye, lakini mtu anayetetemeka hana pa kuyaweka.

“Ameanguka, basi kazi bure.”

Wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kuacha moja kwa moja. La kuzingatia ni kwamba kila safari ya kuacha ghafla baada ya kurudia huweza kuwa kali kuliko iliyotangulia. Aliyeacha salama mwaka juzi asijihesabie kuwa salama safari hii.

“Vikundi vya walioacha viko Dar, huku kwetu hakuna.”

Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambavyo leo vipo katika nchi nyingi duniani, vilianza na watu wawili. Mwaka 1935 Bill Wilson wa New York, aliyeacha pombe miezi michache tu kabla, alikwama mjini Akron, Ohio, biashara yake ikiwa imeharibika. Alihisi atarudia. Akapiga simu huku na huko akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye, akapelekwa kwa daktari mmoja, Bob Smith. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama chao. Wilson hakuwa ametafuta mtu amsaidie. Alitafuta mtu ambaye yeye angemsaidia, na hapo wote wawili wakasimama.

Kaka alimpata mwenzake wodini, fundi baiskeli wa Isevya. Hukutana Alhamisi jioni kibandani kwa fundi, chai ya tangawizi na mihogo. Mwezi uliopita fundi alipigiwa simu na mwanamke asiyemfahamu, aliyepewa namba na muuguzi: mume wake yuko siku ya pili, anatetemeka, wafanyeje? Fundi alifunga kibanda. Kaka akakodi bajaji.