Ethiopia ipi? Niambie kwanza mfalme alikaa wapi

Jumamosi iliyopita tena. Nimemaliza semina, nakusanya karatasi zangu niondoke, kaka mmoja ananifuata na simu ananionyesha klipu, mtu kachora mstari mwekundu kutoka Yerusalemu mpaka Addis Ababa anasema hiyo ndo njia aliyorudi nayo yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8, mtunza hazina wa malkia. Addis Ababa! Mji ulioanzishwa 1886! Yule towashi angefika pale angekuta nyasi na chemchemi za maji moto, sasa hazina ya malkia angemkabidhi nani. Nafundisha historia ya kale miaka mingi na hili limenichosha, kwa hiyo naliandika mara moja, akija mwingine namtumia hii.

"Ethiopia ya kwenye Biblia na ya Wagiriki ndo hii hii ya leo"

Hapana. Na hapa tutakaa kidogo.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, Aithiops, limeungwa na neno la kuungua na neno la uso, yaani watu ambao jua limewachoma sura. Halikuanza kama jina la nchi, lilikuwa jinsi Mgiriki alivyomwita mtu mweusi wa mbali, tena mbali ambako wengi wao hawajawahi kufika. Kwenye Odyssey ya Homer Waethiopia wako makundi mawili, wengine jua linakozama wengine linakochomoza, haya niwekee hiyo kwenye ramani. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, anao Waethiopia wa kusini ya Misri na anao tena wengine wa mashariki, wenye nywele zilizonyooka, ambao kwenye jeshi la Xerxes mfalme wa Uajemi walipangwa pamoja na Wahindi. Ila akifika kwenye mji mkuu wa Waethiopia anataja Meroe, na Meroe iko Sudan, kama kilomita 200 hivi kaskazini mashariki ya Khartoum, piramidi zake bado zimesimama.

Upande wa Biblia sasa. Waebrania hawakuandika Ethiopia, waliandika Kushi, na Kushi ndo jina ambalo Wamisri waliwaitia majirani zao wa kusini huko kwenye Nile. Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kutafsiri maandiko kwa Kigiriki karne ya 3 KK, kwenye Kushi mara nyingi wakaweka Aithiopia, kwa sababu ndo neno ambalo msomaji wa Kigiriki alikuwa nalo. Basi, mkanganyiko wote umezaliwa pale, na wao hawana kosa, walitafsiri vizuri tu kwa wakati wao, ni sisi tunaolisoma neno la miaka 2,200 iliyopita kama tunasoma pasipoti. Biblia yetu ya Union imebaki na Kushi na mimi kwa hilo nawashukuru sana wale watafsiri, halafu mtu ananiletea tafsiri nyingine yenye Ethiopia ananiambia eti Union wamekosea, nanyamaza tu.

Ushauri wangu ni ule ule ambao wanafunzi wangu wananiigizia sauti: ukikutana na hili jina usiulize nchi gani, uliza mfalme alikaa wapi. Tirhaka mfalme wa Kushi wa 2 Wafalme 19? Huyo ni Taharqa, alitawala Kushi na Misri kwa pamoja kuanzia 690 mpaka 664 KK, piramidi yake iko Nuri, Sudan. Kandake wa kwenye Matendo? Hilo hata si jina la mtu, ni cheo cha malkia wa Meroe, kwa hiyo ukimwita binti yako Kandake ni zuri sana ila ujue umemwita Malkia. Mmoja wao ni Amanirenas, ambaye enzi zake Wakushi walipigana na Warumi miaka ya 20 KK huko. Wote hao ni Sudan. Wasudani wana piramidi nyingi kuliko Misri na wana wafalme waliokalia kiti cha Farao, halafu sifa zao zote zinabebwa na nchi jirani kwa sababu tu ya mtafsiri wa Aleksandria, mimi ningekuwa Msudani ningekuwa nalalamika kila siku.

Unabisha bado? Twende Aksum, ule ufalme wa kale, maana Aksum kweli iko ndani ya Ethiopia ya leo. Karne ya 4 BK mfalme Ezana alichongesha sifa zake kwenye jiwe kwa Kigiriki na kwa Ge'ez, lugha ya kwao, akaorodhesha watu anaodai kuwatawala. Kwenye orodha kuna Habashat, ambao upande wa Kigiriki wameandikwa Waethiopia, halafu kuna Kasu, yaani Kushi, wametajwa peke yao. Mfalme mwenyewe kawatenganisha, kwenye jiwe, wewe unawaunganisha kwa klipu ya dakika tatu!

"Kumbe Waethiopia wameiba jina"

Hawa ndo wale waliosikia nusu ya somo wakakimbia. Hakuna wizi. Meroe ilianguka karne hiyo hiyo ya 4, Aksum wakati huo ndo inakuwa ya Kikristo, Ezana akiwa mfalme, na wafalme wa Kikristo wakisoma Ethiopia kwenye maandiko ya Kigiriki wakajiona wao. Karne ya 14 kikaandikwa kitabu cha Kebra Nagast, habari ya Makeda, yaani malkia wa Sheba, na Suleimani na mtoto wao Menelik, na ukoo uliorudi madarakani 1270 ukasimama juu ya habari hiyo mpaka Haile Selassie anaondolewa 1974. Jina ulilolibeba karne zote hizo ni lako. Kinachonikera mimi ni mtu kulirudisha nyuma mpaka kwa Taharqa.

"Zamani iliitwa Abisinia, Haile Selassie ndo akabadilisha"

Sisi wa nje ndo tuliita hivyo. Abisinia inatoka kwenye Habash ya Kiarabu, shina lile lile la Uhabeshi wetu. Wenyewe wafalme wao walijiita wafalme wa wafalme wa Ityopya karne nyingi kabla, na Menelik wa Pili kwenye mkataba wa Wuchale na Waitalia mwaka 1889 ni mfalme wa Ethiopia, Haile Selassie hata hajazaliwa. Na kwa vile tumefika hapo, usimwite kila Mwethiopia Mhabeshi. Kwa asili ni watu wa nyanda za juu, Waamhara na Watigrinya, wa Eritrea pia wamo, ila ukimwita hivyo Moromo au Msomali wa Ogaden unaweza ukapata jibu usilolitaka.

"Wairaqw ni Wakushi kwa hiyo wametoka ufalme wa Kushi"

Hili naulizwa na vijana wa Mbulu, kwao Wairaqw huku Tanzania, na huwa nasikitika kuwakatisha tamaa. Lugha za Kikushi ni jina walilobuni wataalamu wa lugha kwa kuchukua Kushi ya kwenye Mwanzo 10, wakaweka humo Kioromo, Kisomali, Kiafar, Kiiraqw na nyinginezo. Lugha ya Meroe yenyewe wataalamu wengi hawaiweki kwenye kundi hilo, wanaisogeza upande wa Kinubi. Maandishi yake tunaweza kuyasoma kwa sauti tangu 1911, kuyaelewa ndo bado kazi. Yaani Wakushi wa vitabu vya lugha na Wakushi wa Taharqa wamekutana kwenye jina tu.

"Kikiwa na jina aethiopica kimetoka Ethiopia"

Yale maua meupe ya maharusi, Zantedeschia aethiopica, kwao ni Afrika Kusini. Kwa watu wa mimea wa zamani Ethiopia ilikuwa Afrika yote ya watu weusi. Kwenye ramani za zamani Atlantiki ya kusini imeandikwa Bahari ya Ethiopia, ndiyo, upande wa Angola huko. Mwaka 1609 padri Mreno João dos Santos akachapisha Ethiopia Oriental, Ethiopia ya Mashariki, ukifungua unakuta Sofala, Msumbiji na pwani hii hii yetu, kwa hiyo kwa huyo padri babu zetu walikuwa Waethiopia bila kupanda basi.

Na wapo walioitaka hiyo maana pana kwa makusudi. Mangena Mokone alipojitoa kwa Wamethodisti na kuanzisha Ethiopian Church Pretoria mwaka 1892, hakuwa anaongelea Addis, alikuwa na Zaburi 68:31 kichwani, Kushi inayomnyoshea Mungu mikono, yaani Waafrika wote. Wale siwasahihishi, walijua wanachofanya.

Malkia wa Sheba nisiulizwe leo. Ufalme wa Saba, ndo hiyo Sheba, mji wake mkuu ulikuwa Marib, Marib iko Yemen, kanuni ni ile ile.